Barua ya wazi kwa wanaosimamia ardhi, misitu na ujenzi Pemba: mti utazamwe kabla ya ramani

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naandika kuomba jambo moja. Mwananchi anapotaka kujenga nyumba kwenye kiwanja chenye mti unaolindwa, mti huo ukaguliwe mwanzo, kabla hajamlipa mpima, kabla hajamlipa mchoraji, kabla jalada lake halijafunguliwa. Hivi sasa unakaguliwa mwisho. Na kwa kuwa unakaguliwa mwisho, mti unakufa, hata pale ambapo mwenye kiwanja hakutaka ufe na nyinyi pia hamkutaka.

Sheria zenyewe sina ugomvi nazo. Sheria ya misitu namba 10 ya mwaka 1996 imesema wazi kwamba mti haukatwi kiholela, na mkarafuu umetungiwa sheria yake mwaka 2014. Nazikubali zote mbili kwa moyo mmoja. Sisi watu wa Pemba tunajua karafuu ilivyotusomesha. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki kilisalimika, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar zinatoka kwenye vilima vyetu. Nyumba nyingi tunazolala zilijengwa kwa fedha za karafuu. Mtu asiyetaka mkarafuu ulindwe hajui anakula nini.

Lakini hesabu ya watu nayo ipo. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta Pemba tuko 406,848. Ile ya 2022 ikatukuta 543,441. Ndani ya miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 136,000, kwenye kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000. Watoto hao watakuwa, wataoa na kuolewa, na watataka pa kulala. Mabonde yana mpunga, pwani kuna mikoko, kilichobaki ni juu ya vilima, na juu ya vilima ndiko ilikosimama mikarafuu, minazi, miembe na mivule. Kwa hiyo jambo hili halitopungua. Kila mwaka majalada yatakuwa mengi zaidi kuliko mwaka uliopita, na kila jalada lina mti ndani yake.

Nieleze lilivyonifika mimi, kwa sababu najua sipo peke yangu.

Kiwanja changu ni cha urithi, kipo baina ya miji ya Chake Chake na Wete, mita 20 kwa 25. Kina minazi, kina mkarafuu mmoja mkongwe karibu na njia, na kwenye pembe ya magharibi kabisa kina mvule ambao shina lake lina upana wa kama mita moja. Nilianza kwa sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia yetu, yaani mtaa wetu, kama inavyotakiwa, akaniandikia barua. Nikamleta mpima akaweka vigingi. Karatasi aliyonipa ina mistari, vipimo na namba, lakini haina mti hata mmoja. Nikaipeleka kwa mchoraji, naye akachora nyumba kwa kuifuata karatasi ile. Simlaumu, maana karatasi ilimwonesha uwanja mtupu. Nikalipia maombi, jalada likaanza safari ya meza hadi meza.

Mwisho kabisa akaja afisa kukagua, akaukuta mvule umesimama pale ramani ilipoweka jiko, na mizizi yake imepita pale palipochorwa karo la choo. Akasema, "Huu haukatwi." Nikamwomba aniandikie maneno hayo. Akasema mambo ya miti yana ofisi yake. Nikaenda huko, nikaambiwa kibali cha kukata mti kinafikiriwa mtu akishakuwa na kibali cha ujenzi. Na kibali cha ujenzi, kwa mujibu wa ofisi ya mwanzo, hakitoki mpaka suala la mti limalizike. Hakuna aliyenitolea lugha mbaya. Wote walinipokea kwa heshima na kila mmoja alisema kweli kwa upande wake. Ila kweli zao mbili zilipokutana juu ya jalada langu, jalada lilisimama.

Hapo ndipo watu walipoanza kunipa ushauri. Mmoja, ambaye najua ananitakia kheri, aliniambia, "Ungeukausha mapema usingepata tabu hii." Waheshimiwa, ushauri huu unatolewa kila siku hapa kwetu, vibarazani na kwenye mawanda ya kuanikia karafuu, na watu wazima wenye heshima zao. Njia zake zinajulikana. Gome hubanduliwa kuzunguka shina lote, au moto wa makumbi ya nazi huwashwa kwenye mizizi usiku baada ya usiku, au chumvi hufukiwa chini. Baada ya misimu miwili mti umepukutika majani. Kwa mkarafuu ni rahisi zaidi, kwa kuwa upo ugonjwa unaoiua mikarafuu ghafla, na mkaguzi akiukuta mkavu hana la kuuliza. Kisha mwenye kiwanja anakwenda kuomba kibali akiwa na uwanja mweupe, na jalada lake linapita bila ya kukwama mahali.

Tazameni basi utaratibu huu unamlipa nani. Aliyeua mti kimyakimya anahamia nyumbani kwake. Aliyeuacha mti umesimama, akaja mbele yenu kuuliza afanye nini, ndiye aliyekaa na ramani isiyojengeka na fedha alizokwisha kulipa. Sheria ya 1996 haikukusudia hivyo, na sidhani kwamba yupo hata mmoja kati yenu anayetaka iwe hivyo. Limekuwa hivyo kwa sababu ya mpangilio tu: jambo lililopaswa kuulizwa kwanza linaulizwa mwisho.

Nyinyi wenyewe mnajua kulitanguliza mnapotaka. Serikali inapopitisha barabara, hesabu ya vipando hufanywa kabla ya greda kuingia. Wanapita wataalamu, mnazi unahesabiwa, mwembe unahesabiwa, mwenye navyo anaandikwa jina lake. Mwekezaji anapotaka kujenga hoteli ufukweni, sheria ya mazingira namba 3 ya mwaka 2015 inataka athari kwa mazingira zichunguzwe kabla ya ujenzi kuanza. Barabara inahesabiwa miti mwanzo, hoteli inachunguzwa mwanzo. Mwananchi mwenye kiwanja kimoja na nyumba moja ndiye anayeachwa atangulie na gharama, halafu mti umtokee mbele ya safari. Na nyumba hizi ndogo, moja moja, ndizo zinazoondoa miti mingi zaidi vijijini kwetu, kwa kuwa hakuna anayezijumlisha.

Nataka niuseme kidogo huu mvule, kwa sababu baadhi ya watu wananiuliza kwa nini nisiombe kibali cha kuukata, nikaahidi kupanda miche kumi, mambo yakaisha.

Mvule haupandiki kama mwembe. Una dume na jike, miti miwili mbalimbali, na jike ndiye anayezaa. Mche wake ukiwa mdogo hushambuliwa na mdudu anayefanya vinundu kwenye majani machanga, ncha ikafa, mche ukadumaa. Kwa sababu ya mdudu huyo mashamba ya mivule yamewashinda wataalamu wa misitu sehemu nyingi za Afrika. Mbegu zake hasa husambazwa na popo, wanaokula matunda usiku na kuziangusha mbali na mti mama. Na popo wetu mnamjua. Popo wa Pemba hapatikani kwengine popote duniani, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amekaribia kwisha kwa kuwindwa na kwa kukosa miti mirefu ya kulala. Leo amerudi kwa wingi, na sifa ni za vijiji kama Kidike, ambako wenyewe waliamua popo wasiguswe, na sasa wageni wanalipa kwenda kuwaona. Sehemu nyengine wanalala kwenye miti ya makaburini, ambayo hakuna anayethubutu kuitia panga. Hatuwezi kumlinda popo Kidike, tukauhifadhi msitu wa Ngezi, kisha hapa katikati baina ya hifadhi na hifadhi tukaacha miti mikubwa iondoke mmoja mmoja. Popo anaruka usiku kucha kutafuta chakula, hajui mpaka wa hifadhi.

Kwa hiyo miche kumi ya mvule niliyoahidi kwenye karatasi haitokuwa mivule kumi. Huenda isiwe hata mmoja. Mkarafuu angalau unapandika, na Serikali imekuwa ikigawa miche yake bure, jambo la kushukuriwa sana. Ila nao unataka miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na unaendelea kuzaa miongo mingi baada ya hapo. Anayeukata leo mkarafuu uliokwisha shika, akapanda mche, anaila sehemu ya mwanawe.

Narudi kwenye kiwanja, maana hapa ndipo penye matumaini.

Baada ya jalada kusimama nilikaa tena na mchoraji, safari hii mbele ya mti wenyewe. Wataalamu wa Uingereza wana kipimo chepesi wanachokitumia kwenye viwanja vyenye miti: wanapima upana wa shina kwenye kimo cha mita moja na nusu kutoka chini, wanauzidisha mara 12, na masafa yanayopatikana ndiyo eneo la mizizi lisilochimbwa. Mti wa nusu mita unaachiwa mita sita kila upande, huu wangu wa mita moja unaachiwa mita 12. Sababu yake inaeleweka. Mizizi mingi ya mti haiendi chini sana kama watu wanavyodhani. Inatambaa karibu na uso wa ardhi na kuenea mbali, na ukiikata kwa mtaro wa msingi upande mmoja, mti unaweza kusimama miaka kadhaa ukiwa unakufa, kisha ukaanguka juu ya nyumba ile ile.

Tukavuta kamba ya mita 12 kutoka kwenye shina. Kwa kuwa mvule upo pembeni kabisa, ndani ya kiwanja umekula robo duara tu, yaani mita za mraba 113 hivi kati ya 500. Nyumba yangu ni mita 11 kwa 12. Ikisogezwa kuelekea pembe ya pili, inakaa yote nje ya duara. Jiko limehamia mashariki, karo la choo limekwenda kusini, mbali na mizizi na mbali na kisima cha jirani. Kilichobaki ni kitu kimoja: nyumba imeingia kiasi cha mita moja ndani ya masafa yanayotakiwa kuachwa mpakani. Jirani wa upande huo amekubali kwa maandishi. Ukiwa na mita moja hiyo, mvule unabaki na nyumba inapatikana. Usipokuwa nayo, ama nyumba haipo au mvule haupo.

Naomba hapa mnisikilize vizuri. Masafa ya mpakani yana maana yake, ya moto, ya upepo, ya gari la kubeba mgonjwa kupita. Sisemi yafutwe. Nasema kanuni inayolinda mpaka na kanuni inayolinda mti zinapogongana juu ya kiwanja kimoja, awepo mtu mwenye mamlaka ya kuzipima pamoja na kusema: hapa mpaka utapungua kidogo ili mti ubaki. Leo kila kanuni ina ofisi yake, na mgongano wao hauna ofisi. Mwenye kiwanja ndiye anayebebeshwa, naye hana uwezo wa kulegeza hata moja.

Mengine ni ya ufundi na mafundi wetu wanayaweza. Karibu na mizizi msingi unaweza kusimama juu ya nguzo badala ya mtaro mrefu. Mchanga na kokoto visirundikwe chini ya mti, saruji isikorogewe hapo, na udongo wa kuchimbua usimwagwe juu ya mizizi. Wakati wa ujenzi pazungushiwe uzio wa miti au makuti. Mkiyaandika haya kwenye kibali kama masharti, mafundi watayafuata. Wasipoandikiwa hawatoyajua.

Sasa utaratibu ninaouomba. Mtu akishapata barua ya sheha, na kabla ya kitu chengine chochote, aje kiwanjani afisa wa misitu na afisa wa mipango miji kwa pamoja, sheha akiwepo. Wote kwa siku moja, kila mmoja amsikie mwenzake akisema. Waitazame miti, waandike upi unabaki, upi unaweza kukatwa na kwa sharti gani, na mti unaobaki uachiwe masafa mangapi. Watie saini. Mpima atakapokuja kuweka vigingi, achore na miti hiyo kwenye karatasi yake kama anavyochora njia na kisima. Hapo mchoraji atachora nyumba ya kweli kwenye kiwanja cha kweli. Jalada likifika mezani, suala la mti limekwisha zamani.

Najua mtasema watumishi ni wachache na gari ni moja na mafuta ni ya mgao. Ni kweli, tunawaona wakipanda pikipiki zao wenyewe kwenda vijijini. Lakini ofisi hizo hizo leo zinakuja kiwanja kimoja kila moja kwa wakati wake, tena zinarudi baada ya mzozo. Ziara moja ya pamoja mwanzoni ni nafuu kuliko ziara za mbalimbali mwishoni. Na kazi ya awali ya kuhesabu inaweza kufanywa na sheha na kamati yake. Wao wanaujua kila mti wa shehia na aliyeupanda.

Hilo la aliyeupanda msiliache, kwa sababu Pemba lina uzito wake. Ardhi na vipando kwetu vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Ardhi ni ya umma, tumeikuta hivyo tangu baada ya Mapinduzi na sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 imelithibitisha, lakini mti una mwenyewe. Mkarafuu wa babu umerithiwa na shangazi, kiwanja kimekwenda kwa mjomba. Yupo jirani yetu mmoja, mjane, alinunua kiwanja akidhani amenunua na mikarafuu iliyomo. Alipotaka kujenga wakatokea ndugu wa muuzaji wakisema mikarafuu ni yao, na ushahidi wanao wa miaka ya kuchuma. Amesimama hapo mpaka leo. Ukaguzi wa mwanzo ungeliuliza swali hilo mbele ya sheha na wazee kabla fedha hazijabadilisha mikono. Mkaguzi aandike mti na mwenyewe, yote mawili.

Naomba pia majibu yawe kwa maandishi. Mti ukikatazwa kukatwa, nipewe karatasi yenye sababu, yenye jina la ofisi na tarehe, ili nijue pa kukata rufaa. Neno la mdomo halina pa kulipeleka. Na muda wa kujibu ujulikane, kwa sababu bei ya saruji na mabati haingoji. Kwetu kwa sheha hakuna orodha ya miti inayolindwa iliyobandikwa ukutani. Ibandikwe, kwa Kiswahili, kwa majina tunayoyaita sisi, ili mtu aisome kabla hajanunua kiwanja.

Kuna lililo zito zaidi. Vipo viwanja ambavyo mti upo katikati, kiwanja chenyewe kidogo, na hakuna kamba wala mchoraji atakayeweza kuvigawa. Hapo lazima kuamua. Mkiona mti una thamani hiyo, basi mwenye kiwanja apewe kiwanja mbadala. Ardhi ni ya umma, na Serikali inaweza kulifanya hilo kama inavyolifanya inapohitaji sehemu ya skuli au ya hospitali. Si haki kumwambia kijana mwenye mke na mtoto kwamba kiwanja chake pekee sasa ni makaazi ya popo, halafu mkamwacha arudi chumba cha kupanga. Akiachwa hivyo atawasha moto wa makumbi, na mimi sitokuwa na uso wa kumlaumu. Ama mkiona nyumba ina haja zaidi, mti ukatwe kwa kibali, mbao zake ziandikwe, na miche itakayopandwa badala yake iende kukaguliwa baada ya miaka miwili kuonekana kama ipo hai. Mche ambao hakuna anayerudi kuutazama huliwa na mbuzi.

Jambo moja dogo la mwisho kuhusu mteremko, kwa kuwa masika yanakuja kila mwaka na kila mwaka tunasahau. Viwanja vingi vya Pemba vipo ubavuni mwa kilima. Mti mkubwa uliosimama juu ya mteremko unashika udongo wa nyumba zote zilizo chini yake. Ukaguzi utazame na walio chini. Wao hawajaomba kibali chochote, na jalada halina pa kuwaandika.

Waheshimiwa, kiwanja changu hakijafyekwa. Vigingi vipo, mvule upo, mkarafuu nao upo, na mchoro mpya wenye duara la mita 12 pamoja na barua ya jirani nimeviambatanisha kwenye jalada. Mkipenda kuujaribu utaratibu huu mahali, jaribuni kwangu. Ninaomba siku moja ya afisa wa misitu, afisa wa mipango miji na sheha wetu kukutana pale, asubuhi, kamba nitaleta mimi. Mkikubali mita moja ya mpakani, niandikieni na masharti, nitayafuata yote. Mkikataa, niandikieni sababu, nami nitaomba kiwanja mbadala kupitia kwa sheha huyo huyo. Mvule sitoukata wala kuukausha wakati nikisubiri jibu lenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi, Pemba